Ile Jua Iliyokataa Kuzama Nikienda Kwa Zaina

Mmenishika kwa njia ya Kiganjo, mmenishika kwa duka, mwingine amenishika nikiwa na sabuni mkononi, na nyote mnauliza kitu moja: Mama Zaina, huko kulikuwa aje? Nikianza na huyu, yule anafika nikiwa katikati, narudi mwanzo. Sasa nimechukua kitabu, nimekaa hapa mlangoni penye mwanga, naandika mara moja tu. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona herufi imelala muiinue wenyewe. Mambo ya paspoti na tiketi siandiki. Hiyo ilikuwa kazi ya Idris, mume wa Zaina. Mimi nilikuwa wa kuweka kidole.

Zaina ni msichana wangu wa pekee, yule alienda Toronto, huko Canada, miaka tano iliyopita kuchunga wazee. Idris alipiga simu akasema Zaina ana uvimbe ndani ya kichwa, watampasua siku ya Alhamisi asubuhi, na daktari anataka watu wake wafike kabla. Hiyo "kabla" ndiyo ilinipandisha ndege. Nilikuwa niondoke Jumanne jioni, nifike Jumatano, nimwone, halafu alale akijua mama yake yuko hapo.

Na ilikuwa Ramadhani, mwezi wa pili wa Kizungu. Shekhe wetu aliniambia wazi kabisa kwamba mtu akiwa safarini anakula, atalipa siku zake akirudi. Zaina naye kwa simu akaniambia nisifunge kwa ndege. Nikawaambia wote wawili sawa. Lakini ndani yangu nilikuwa nimeshaweka nadhiri, kwamba sitaacha kufunga hata siku moja mpaka niuone uso wa Zaina. Nikamwambia Mungu, mimi nitashika yangu na wewe ushike yako. Niliongea naye vile tulikuwa tunaongea na msimamizi pale kiwanda cha mananasi nilikofanya kazi. Sasa ndio naona ile ilikuwa kiburi.

THIKA MPAKA EMBAKASI

Nilitoka hapa kwa pikapu ya yule jirani wa kuuza maziwa. Tukafika Ruiru, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Jirani akafungua mbele akaangalia ndani, akafunga, akafungua tena, kama mtu anangoja sufuria ichemke. Nikakaa kwa sanduku yangu kando ya barabara, na jua inaenda, na ndege haingojei mtu wa Kiganjo.

Hapo ikapita lori ya shamba ya kahawa, imejaa watu wa kanisa wamesimama wakiimba, na katikati yao mama mmoja ameketi kwa kiti ya nyumbani kama bibi arusi, na sanduku mpya miguuni. Wakaniona na sanduku yangu. Lori ikasimama. Huyo mama akaniuliza kutoka juu kama naenda ndege. Nikamwambia naenda ndege. Akawaambia wanaume wanipandishe.

Huyo ndiye Mama Kariuki wa Ruiru. Alikuwa anaenda hiyo hiyo Toronto, kijana wake amezaa, amebeba kilo sita za njahi, maharagwe meusi ya mama aliyejifungua. Kanisa mzima ilikuwa inamsindikiza. Kwa hivyo mjue mimi Hadija, na buibui yangu, niliingia uwanja wa ndege wa Embakasi nikiwa kwa kwaya. Waliniombea na mimi, mchungaji akanishika kichwa, na sikukataa. Mtu mwenye mtoto kwa operesheni hachagui dua.

Jua lilipokaribia kuzama nikatoa tende kwa mkoba. Wale kina mama wa kwaya wakanizunguka na kikombe ya maji, wanaangalia mbinguni, wanaulizana kama bado. Mmoja ananiambia hiyo imeingia, mwingine anasema hapana, kuna kipande imebaki pale kwa mti. Nilifuturu nikicheka. Hiyo ndiyo futari ya mwisho nilikula na roho safi.

EMBAKASI MPAKA LONDON

Mama Kariuki aliomba akapewa kiti karibu na mimi. Mbele yetu kulikuwa na televisheni kubwa yenye picha ya dunia na kandege kadogo kamekaa juu yake, na nambari chini. Kusoma Kizungu siwezi, lakini nambari nilizoea kwa mizani ya kiwanda. Mama Kariuki akanielezea kwamba hizo ni kilomita zimebaki mpaka London. Elfu sita na zaidi. Nikamuuliza Thika na Nairobi ni ngapi, akasema arobaini na kitu. Nikajaribu kuhesabu ni Thika na Nairobi mara ngapi, nikafika mahali nikaogopa nikaacha.

Nilikuwa na daku yangu: mayai, chapati, na uji kwa chupa. Shida ni kujua alfajiri, maana huko juu hakuna adhana wala jogoo. Mama Kariuki aliangalia saa yake, akanipiga kiwiko, akaniambia kwetu watu wameamka. Nikala. Akala na yeye chapati moja, akasema anafunga na mimi mpaka chai iletwe. Chai ililetwa dakika kumi baadaye.

LONDON

Tukashuka kwa baridi na ukungu, huoni hata ndege yenye umetoka. Kijana mmoja mwenye sare akaja na kiti ya magurudumu, ana karatasi yenye jina langu, ananionyesha nikae. Nikashtuka. Nikajua wameona kitu kwa macho yangu, wananipeleka hospitali. Nikamwambia kwa mikono kwamba mimi si mgonjwa, mgonjwa yuko mbele. Akasukuma kiti karibu. Nikarudi nyuma. Mwishowe nikaweka mkoba yangu kwa ile kiti, na njahi ya Mama Kariuki juu yake, kijana akasukuma mizigo na sisi tukamfuata nyuma kama watu wa mazishi. Baadaye nikaambiwa ni Idris alikuwa ameandika mama ni mzee, asitembezwe.

Ndege ya Toronto ilikuwa itoke saa sita mchana. Ikafika saa sita, wakasema ukungu. Ikafika saa nane, wakasema tena ukungu. Watu walikuwa wanakula kila mahali, harufu ya kahawa, harufu ya mikate. Kinywa yangu ilikuwa imekauka lakini sikujali, nilikuwa najihesabia: saa kumi na moja na kitu jua la hapa linazama, nitakuwa ndani ya ndege, nitafuturu na tende zangu nne. Tulipaa saa tisa. Nikajiambia imebaki masaa mawili. Hayo masaa mawili ndiyo hadithi yenyewe.

LONDON MPAKA TORONTO

Tulipita juu ya mawingu, na jua ikaingia kwa dirisha langu. Nzuri, ya rangi ya chai. Nikaweka tende kwa paja, nikangoja.

Saa moja ikaisha. Jua iko pale. Saa ya pili ikaisha. Jua iko pale pale, urefu wa mkono mmoja juu ya mawingu, haijashuka hata kidole. Nikafuta dirisha na leso nikidhani ni kioo. Saa ya tatu nikaanza kuogopa vibaya. Nimeishi miaka sitini na mbili, sijawahi ona jua imesimama.

Mama Kariuki alikuwa amefikiria hiyo mambo kimya, mnajua watu wa Ruiru. Akaniambia polepole, "Mama Zaina, hii jua haitazama. Sisi ndio tunaikimbiza."

"Itazama. Hakuna jua haizami."

"Inaenda upande huu, na ndege inaenda upande huu. Ukifuata mtu nyuma na mbio sawa na yake, atakupotea?"

Nikamwambia basi nitangoja ichoke. Akacheka, halafu akaacha kucheka. Akasema saa yake bado iko ya nyumbani, na huko Thika watu wameshafuturu, wameosha vyombo, wameenda kulala. "Wewe unafunga ya nani sasa? Ya Thika imeisha. Ya London imeisha. Hii ya hapa katikati ya bahari ni ya samaki?"

Nilimwambia tu kuhusu nadhiri. Akaniuliza shekhe wetu alisema nini. Nikamwambia alisema nile. Akaniuliza Zaina alisema nini. Nikamwambia alisema nile. Akatikisa kichwa akasema, "Sasa hawa wote wamesema kula, ni nani huyo mwingine unamsikiliza?"

Yule kijana wa kugawa chakula alikuja na sahani, nikakataa na mkono. Akaenda akarudi na ile ya mboga tupu, akidhani ni nyama imenikera. Nikakataa. Akarudi na mkate. Nikakataa. Akarudi na ndizi moja, ameipasua juu kidogo kama ya mtoto. Uso wake ulikuwa unaniomba. Abiria wa upande ule wakaanza kuniangalia kama mtu mkorofi. Na ile televisheni, kandege kamekaa juu ya maji ya bluu, kilomita bado elfu mbili na kitu. Nikiangalia dirisha, jua. Nikiangalia televisheni, kandege. Vyote vimesimama. Hapo ndipo niliamini kwamba sitafika. Niliona kama Mungu amenijibu: ulisema hutaacha kufunga, haya, ngoja jua lizame.

Ikapita saa moja na zaidi. Macho yakawa na ukungu kama ile ya London. Nakumbuka nikimwambia Mama Kariuki ashike tende zangu zisianguke.

Halafu nikasikia nanasi. Kabla sijafungua macho, kwa ulimi, nanasi, ile tamu ya mkebe. Kwa dakika moja nilikuwa kiwandani, nimesimama na kisu na glavu, Zaina ni mdogo ananingoja kwa geti. Nikameza. Nikameza tena, kwa raha, na mikono miwili nikashika kikombe. Ndio nikafungua macho nikaona nimelala kwa njia ya katikati ya ndege, kichwa changu kwa paja la Mama Kariuki, yule kijana amepiga magoti na kikombe ya jusi, na jua limemulika uso wangu moja kwa moja.

Mama Kariuki alikuwa analia. Akasema, "Nimekupa mimi. Andika hiyo dhambi kwa jina langu."

Lakini ni mimi nilimeza. Kumeza hakuna mtu anakumezea.

Jua ilizama tukigusa chini. Ni yeye aliniambia, kwa sababu mimi nilikuwa bado nimelala nikiangalia viatu vya watu. Kutoka ile jusi mpaka jua kuzama haikufika saa moja.

DAKIKA AROBAINI

Nilidhani nikishuka nitatafuta Idris. Watu wa gari ya wagonjwa walikuwa wameshaingia ndani ya ndege kabla abiria hawajasimama. Wakanifunga mikanda. Nikawaambia Zaina, Zaina, Zaina. Mama Kariuki akakimbia kando yangu mpaka wakamkataza, na ile njahi yake imebaki ndani ya ndege. Ndiye alimtafuta Idris kati ya watu wote wale, hamjui sura, akisoma tu nani amesimama peke yake na hofu.

Walinipeleka hospitali ya karibu na uwanja. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, mpole. Idris alipofika akanitafsiria kwamba moyo wangu unaruka, damu imekuwa nzito kwa kukosa maji, na siwezi kutoka kwa siku mbili. Nikamwambia Idris amwelezee kuna operesheni kesho asubuhi. Akamwelezea. Daktari akanishika mkono akasema pole, na akasema hapana. Nikavuta ile dripu nitoke mwenyewe. Nilifika mpaka mwisho wa kitanda, miguu ikakataa. Nesi wawili wakanirudisha kama gunia.

Nikamuuliza Idris hospitali ya Zaina iko umbali gani. Akasema kwa gari ni dakika arobaini. Thika na Nairobi. Nimevuka bahari na mawingu na mchana usioisha, halafu nimeshindwa na Thika na Nairobi, na niliyejishinda ni mimi. Ningekula ile ndizi, ningetembea kwa miguu yangu mpaka kwa kitanda chake. Hii sentensi nimeiandika mara moja, msiniulize niirudie mkinipata kwa duka.

Idris akaenda kwa Zaina, na kufika akapiga simu kwa ile ya kando ya kitanda changu. Nesi akaniwekea kwa sikio.

"Mama, umefika?"

"Nimefika."

"Idris ameniambia ulianguka. Ulikuwa umefunga."

Nikasikia anapumua kwa simu. Halafu akasema, "Mama wewe. Nilikuambia." Lakini hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anamwambia mtoto aliyekwaruza goti.

Nikamwambia nimefungua, nimekula, wamenipa supu. Akaniuliza supu ya nini. Nikamwambia sijui, ni ya rangi ya manjano, haina hata chumvi. Akacheka. Akaniambia hata yeye amepewa hiyo hiyo, ni maji waliyopitishia karoti. Tukacheka sote wawili kuhusu hiyo supu, kila mtu kwa kitanda yake. Halafu akasema, "Kesho nikiamka nataka nikuone umekaa hapa."

"Nitakuwa hapo."

"Usinidanganye tena."

Nikasema sidanganyi. Simu ikakatwa.

Ile sauti ilikuwa sawa kabisa na ile nilikuwa nasikia nikiwa kwa kibanda cha simu hapa Thika. Kila kitu, hata ule mvumo wa ndani ya waya. Ningekaa hapa nyumbani, ningeisikia vile vile.

Zaina alipasuliwa Alhamisi asubuhi. Hakuamka. Alipumua mpaka Ijumaa saa ya adhuhuri, mimi nikiwa bado na dripu, Idris akiwa katikati anakimbia kati ya vitanda viwili. Jioni ile wakaniruhusu.

Kwetu maiti haiwekwi, mnajua. Watu wa msikiti wa huko ni wa kila nchi, lakini kina mama waliniambia kupitia Idris kwamba hawatamgusa mpaka mama yake afike. Wakanisaidia kuvaa glavu. Nilimwosha mimi, na mama mmoja wa Kisomali ananimiminia maji. Nikafika kwa kichwa. Mwanamke akioshwa nywele zake zinachanwa, zinasukwa mikia mitatu, zinalazwa nyuma. Zaina hakuwa na nywele. Walikuwa wamenyoa zote kwa ile operesheni, na kulikuwa na mshono kutoka sikio mpaka juu. Mimi ndiye nilikuwa namsuka tangu akiwa na miezi sita. Nikakaa na mikono yangu hewani, sijui niipeleke wapi. Yule mama wa Kisomali akaishika akaiteremsha, akanirudishia kitambaa.

Uso niliuona. Nimewaandikia kwa sababu ndio mnauliza. Ulikuwa uso wake.

Ardhi ya huko ilikuwa ngumu kwa barafu, wakachimba na mashine. Idris alishikwa na wanaume wawili. Mama Kariuki alikuja na kijana wake, wamesimama mbali kidogo, hawajui kama Mkristo anaruhusiwa kukaribia. Nikamwita na mkono.

KURUDI

Nilikaa mpaka Idi, halafu nikarudi peke yangu. Kurudi ndege inaenda kinyume cha jua. Tulitoka na mwanga, nikafunga macho kidogo, kufungua ni giza, kufunga tena, kufungua kumekucha. Usiku mzima ulienda kama mtu amezima taa akawasha. Nikawaza mchana wa siku ile ungekuwa mfupi kama usiku huo, ungeisha hata kabla sijatoa tende kwa mkoba. Ile televisheni ilikuwepo tena, na kandege kake. Sikuuliza mtu nambari ni za nini.

Ndio hayo. Sasa mtaniuliza na ile swali ingine, kwa sababu najua mnaisema nikipita: mbona Mama Zaina bado hajamaliza kulipa siku zake, na Ramadhani ingine inakaribia?

Nilikula siku tatu. Ya Alhamisi nimelipa. Ya Ijumaa nimelipa. Imebaki ile Jumatano ya ndege. Shekhe ameniita mara mbili, ananiambia kwa upole kwamba siku ni siku, nifunge moja tu hapa nyumbani, nimalize. Nimejaribu. Wiki jana nimekula daku, nimekaa nayo vizuri mpaka saa tisa mchana, halafu nikaangalia nje nikaona jua imeanza kuteremka upande wa Nairobi, inateremka bila shida, kama kila siku. Nikajua baada ya masaa matatu hivi itazama, mtaniletea uji, nitakunywa, na ile Jumatano ya sauti ya Zaina itakuwa imeisha. Nikaingia ndani nikanywa maji.